PANYA?! Mbele ya darasa zima?

Wakuu, mkiona herufi zimeruka mjue ni hasira, mikono haishikiki.

Mnamfahamu. Yule mhadhiri wa suti ya vipande vitatu kwenye joto hili la Mtwara, akipita korido nzima inanuka duka la marashi. Leo nasimama kuwasilisha kazi ya kikundi, nimefunga tai ya kuazima, hata salamu sijamaliza ananikata: "Wewe wa Newala, panya wameisha huko hadi umekuja kusoma?"

Panya. Wakuu, PANYA. Ukumbi ulicheka mpaka popo wa darini wakahama. Projekta ikazima yenyewe, nadhani kwa aibu. Wenzangu wa kikundi, watu niliokula nao ugali wa muhogo jana usiku, nao wanacheka!

Eti utani. Utani wa makabila tunaujua, upo msibani na harusini, na mtani unamrudishia. Huyu kashika kalamu ya maksi, namrudishiaje? Nimuulize kwao senene wameisha? Maksi zangu za kosiweki si zitazikwa leo leo?

Halafu eti, "Endelea, tunakusikiliza." Niendelee na nini? Nimeshakuwa panya!

Kuchele Tu: Pole mkuu. Mimi aliniuliza chale za bibi yangu zilichanjwa na fundi gani. Nikaambulia C.

Mzee wa Mikindani: Swali dogo. Panya buku unakula, huli?

Mleta uzi: Nakula! Sasa yeye inamhusu nini?!

Mzee wa Mikindani: 😂😂 Basi kakujulia hali ya mboga tu nyumbani.

Wa Kuja: Mimi nafundisha chuo, natokea Kanda ya Ziwa. Nikifungua mdomo darasa zima linaiga lafudhi yangu, siku hizi hadi mlinzi wa getini. Kikaoni nikitoa hoja naambiwa "nyie wa bara mna haraka". Hilo nani atalifungulia uzi?

Kuchele Tu: Mwalimu, rudisha kwanza matokeo ya testi.

Binti Masasi: Nyie mna nguvu ya kugombana, boom, hela ya mkopo wa chuo, limeingia? Mwenye nyumba ananigongea kila alfajiri.

Korosho Ghafi: Afadhali wewe una boom. Mimi ada yangu iko ghalani. Oktoba 2024 kilo ya korosho ilipita 4,000 mnadani, mzee akalipa kwa mkupuo. Msimu huu hata simu hapokei.

Mleta uzi: Jamani, uzi wangu…

Binti Masasi: @Korosho Ghafi kwenu bado mna magunia? Shangazi anatafuta.