Naomba ushauri: seli za viazi zinapasuka baada ya kuunganishwa

Habari zenu wakuu, na shikamooni mlionitangulia kwenye fani hii.

Kwa utafiti wangu wa uzamili naunganisha seli za kiazi mviringo na za Solanum bulbocastanum, ndugu yake wa porini kutoka Meksiko anayestahimili bakajani chelewa, ugonjwa unaoozesha majani na viazi. Kwa kuchavusha kawaida hawa wawili karibu hawazai kabisa.

Majani nayaloweka usiku kucha gizani kwenye vimeng'enya vya kuyeyusha kuta za seli, pamoja na manitoli ya molari 0.5 (aina ya sukari inayozuia seli zisifyonze maji na kupasuka). Kuta za seli zinayeyuka vizuri. Kwenye hadubini naona seli duara, safi, nyingi. Nikiweka polietilini glaikoli (dawa ya kugandanisha seli) ya asilimia 30 kwa dakika 20, zinashikana na kuungana. Kasheshe ni wakati wa kuosha: nyingi zinapasuka. Nimepunguza muda wa dawa hadi dakika 10, nimepunguza na kasi ya mashine ya kuzungusha, bado. Zilizopona zimenipa vibonge viwili tu vya seli zinazokua, navitunza kama mboni ya jicho.

Je, niioshe hiyo polietilini glaikoli kidogo kidogo badala ya mara moja, au niongeze manitoli? Na bila kipimo cha DNA, nitajuaje kibonge ni chotara kweli na si kiazi kitupu?

Natanguliza shukrani.