Wa DMV (DC, Maryland, Virginia) na Pennsylvania: kuna jamaa anauza "ziara ya kiwanda cha chokoleti" Hershey. Umma hauingizwi kiwandani tangu 1973!

Wakuu, heshima mbele.

Nina hasira tangu Jumapili, na nisipoandika wataumia wengine, maana jamaa ameshatangaza kundi jingine la mwezi wa nane. Uzi huu ni wa familia zinazokaa Maryland, Virginia, DC na Pennsylvania kwenyewe, hasa mliowaleta wazazi kutoka nyumbani kiangazi hiki.

Jina lake siliweki, sheria za jukwaa mnazijua. Ni Mswahili mwenzetu, anapanga safari za familia kwenye makundi ya WhatsApp, hela anapokea kwa Zelle (ile njia ya kutumiana hela kupitia benki za huku), na anauza wikiendi ya mji wa chokoleti, yaani Hershey, Pennsylvania, kila kitu ndani: usafiri, malazi, tiketi za bustani ya michezo na "ziara ya kiwanda".

Mji wenyewe sina ugomvi nao. Milton Hershey, mwenye kampuni ya chokoleti za Hershey, alianza kujenga kiwanda pale mwaka 1903, katikati ya mashamba ya ng'ombe wa maziwa, akawajengea wafanyakazi mji mzima, na mwaka 1906 akawafungulia bustani ya kupumzikia, ambayo ndiyo Hersheypark ya leo. Taa za barabara ya Chocolate Avenue zina umbo la vile vichokoleti vya Kisses, na mitaa imepewa majina ya kule kokoa ilikokuwa inatoka: Caracas, Java, Trinidad. Mwaka 1909 yule mzee na mkewe walifungua shule ya yatima, na baadaye akaiachia utajiri wake. Mtoto akifika pale anafurahi, na mtu mzima vilevile. Ninayemlalamikia mimi ni mtu aliyejiweka katikati yetu na mji huo na kutuuzia vitu ambavyo havipo, na vingine ambavyo ni vya bure.

Nianze na linaloniuma kuliko yote.

Mama yangu ni mkulima wa kokoa, Kyela, Mbeya. Sisi wote tumesomeshwa na kokoa. Mama anapasua matunda kwa mkono, anavundika mbegu kwenye sanduku la mbao chini ya majani ya migomba, anageuza, anaanika, anaanua mvua ikitishia, anaanika tena, kisha anapeleka chama cha msingi cha ushirika kusubiri mnada. Likishapakiwa gunia, yeye ndiyo amemaliza nalo. Hajawahi kuona linakoishia. Kwa hiyo jamaa alipompigia simu akamwambia kwa mdomo wake, "Mama, utaingia ndani ya kiwanda uone kokoa yako inavyosagwa," mama hakulala. Aliwapigia mashoga zake Kyela kuwaambia.

Siku moja kabla ya safari jamaa akatuma ujumbe kwenye kundi, ninao mpaka sasa: "Wote mvae viatu vya kufunika vidole, kiwandani kuna sheria za usalama." Mama miguu inamvimba, huwa anavaa ndala pana. Tukaenda kumtafutia viatu vya kufunika usiku ule. Kwenye risiti imeandikwa ziara ya kiwanda, dola 45 kwa kila mtu.

Sasa sikilizeni tulichokikuta. Jamaa alitupeleka Chocolate World, jengo lililo nje ya geti la bustani. Pale watu wanaingia bure. Hakuna tiketi ya mlangoni wala ya kupanda. Unapanga foleni, unakaa kwenye kigari kinachojiendesha, kinakupitisha kwenye maonyesho ya jinsi chokoleti inavyotengenezwa: mashine za mfano, ng'ombe wa bandia wanaokuimbia, sehemu ya kukaangia mbegu. Kwa watoto ni burudani nzuri sana. Vinavyolipiwa mle ni vya pembeni, kama kujitengenezea chokoleti yako mwenyewe, na hivyo yeye hakutulipia hata kimoja.

Kiwanda halisi kiliacha kupokea watalii mwaka 1973. Wageni walikuwa wamekaribia milioni moja kwa mwaka, kiwanda hakihimili, ndipo wakafungua Chocolate World mwaka huohuo iwe mbadala. Kile kiwanda cha zamani cha Chocolate Avenue chenyewe kilishasimamisha kazi mwaka 2012, uzalishaji ukahamia kingine magharibi mwa mji. Kwa hiyo huyu bwana anauza mlango uliofungwa zaidi ya miaka 50 iliyopita.

Tulipotoka kwenye kigari mama alisimama pembeni, mkoba begani, akaniuliza, "Mwanangu, sasa kiwandani tunaingilia mlango gani?" Nikamfuata mhudumu, binti mmoja mpole, akanieleza kwamba ziara za kiwandani hazipo na kwamba kile tulichopanda ni bure kwa kila mtu. Ikabidi nirudi kumtafsiria mama. Akauliza, "Na zile hela?" Jamaa alikuwa amesimama hatua chache kutoka pale, anawapiga watu picha. Alisikia. Akajifanya anapokea simu.

Tulikuta pale familia ya Wakongo kutoka Lancaster, nao amewaleta yeye kwa gari jingine. Baba, mama na watoto watano. Yule baba anafanya kazi usiku kwenye ghala la mizigo. Zidisheni wenyewe, 45 mara saba: dola 315 kwa kitu cha bure. Alikuwa hajui mpaka tulipoongea, na yeye hakumuuliza mhudumu kwa sababu Kiingereza chake bado ni cha kubabaisha. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi biashara hii inavyokwenda. Anawachagua wageni wa lugha na wazee wetu, watu ambao hawatasoma kibao mlangoni.

Tukaja kwenye tiketi za bustani. Hersheypark wana bei ya wazee kuanzia miaka 55, nafuu kuliko ya mtu mzima. Mama ana 68. Jamaa alinitoza bei kamili. Tiketi aliyomkabidhi mama getini nikaisoma: imeandikwa ya mzee! Yaani amenunua ya nafuu, akanichaji ya ghali, akatia tofauti mfukoni. Mwanangu mdogo ana miaka miwili, na pale wa miaka miwili kushuka chini hawalipi. Yeye alinitoza ya mtoto. Nikamdai tiketi yake, akanijibu, "Huyo utapita naye tu." Bila shaka nitapita naye, maana ni bure! Na hela uliyochukua je?

Kisha akaniumizia mtoto. Mwanangu wa kati ana miaka saba na alikuwa haongei kingine zaidi ya Candymonium, lile rola kosta (treni la michezo la kasi) kubwa la mwaka 2020, futi 210 kwenda juu, unaliona kabla hata hujafika getini. Nilimuuliza jamaa kabla ya kulipa, kwa maandishi, kama mtoto wa kimo chake anaruhusiwa. Akajibu, "Watoto wote wanapanda kila kitu, kaka, usiwe na wasiwasi." Si kweli hata kidogo. Pale wanapimwa urefu, na kila kundi la kimo lina jina la pipi au chokoleti. Wangu alipimwa inchi 46, akawa kundi la Reese's. Candymonium inaanzia inchi 48. Akapanda Comet, ya mbao, ya tangu 1946, na alifurahi mwisho wa siku, lakini kile kilio cha pale kwenye kipimo kisingekuwepo kama mtu angesema ukweli. Wenye watoto wadogo, wapimeni nyumbani kwa inchi kabla hamjawaahidi chochote.

Malazi sitayarefusha. Tangazo lilisema "hoteli ndani ya Hershey". Tulilazwa moteli kando ya barabara kuu upande wa Harrisburg, chumba kinanuka sigara, kitanda cha ziada cha mama hakikuwepo. Mimi na mke wangu tulilala chini.

Nimemdai hela yangu. Jibu lake la kwanza: "Kaka, hiyo 45 ni hela ya uratibu." Nikamuuliza mbona risiti inasema ziara ya kiwanda. Akasema, "Mbona mama alicheka kwenye picha?" Nilipoweka risiti kwenye kundi ili na wengine waone, akanitoa kundini, na simu zangu hapokei tena.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema "si ungeangalia mtandaoni". Mkuu, mtu anayeongea lugha yako, anayemwita mama yako mama, anayekuandikia kwa mkono wake kwamba kuna sheria za usalama za kiwandani, huyo hajakosea taarifa. Ametunga uongo mpaka kwenye viatu. Msimtetee mwizi kwa kumlaumu aliyeibiwa. Na hela zenyewe si za mchezo, ni za watu wanaopiga zamu mbili ili wazazi wakija waonje likizo mara moja.

Kwa mnaotaka kwenda bado: nendeni, bila yeye. Tiketi nunueni wenyewe kwenye tovuti ya bustani, bei za umri zote zimeandikwa. Tiketi hiyohiyo inawaingiza sehemu ya maji, Boardwalk, na bustani ya wanyama ya ZooAmerica, kwa hiyo yeyote anayewatoza hivyo viwili pembeni anawapiga. Bebeni nguo za kuogelea. Chocolate World ingieni bure. Mzee anayetaka kujua historia mpelekeni makumbusho ya Hershey Story pale Chocolate Avenue, ina kiingilio chake lakini unapata ulicholipia.

Ninachotaka kwake: arudishe dola 45 za kila mtu, ile tofauti ya tiketi ya mama na tiketi hewa ya mtoto, na awarudishie Wakongo 315 zao. Nimempa mpaka Ijumaa. Ikipita, napeleka malalamiko kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Pennsylvania, kitengo cha kulinda wateja, na risiti, tiketi na ujumbe wa viatu vyote nimeshavipiga picha.

Kama na wewe umelipa hiyo "ziara ya kiwanda", iwe mwaka huu au miaka iliyopita, njoo PM (ujumbe binafsi) na risiti yako. Na kama umeshalipia kundi la mwezi wa nane, mdai hela yako leo, kabla gari halijaondoka.