Mnawacheka Wachina kwa Kiingereza chao, lakini aliyewakaririsha "abandon" na kuwaficha "give up" hammuulizi!

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na sitaificha, kwa hiyo anayetaka uzi wa kuchekeshana apite tu.

Nipo Guangzhou mwaka wa saba sasa, kwenye ofisi ya uwakala wa mizigo. Wateja wetu wengi ni wa Kariakoo, wachache Mombasa, wachache Lubumbashi. Pale ofisini Waswahili tupo wawili, waliobaki ni Wachina, na kinachotuunganisha ni Kiingereza. Anayepokea barua pepe za wateja ni binti mmoja wa miaka 24. Huwa ananiita jie, yaani dada, na mimi namchukulia kama mdogo wangu kweli.

Wiki mbili zilizopita mteja mmoja wa vigae alimwandikia hivi, nanukuu neno kwa neno: "Please hold off on loading. I will sort out the balance and get back to you." Yaani: msipakie kwanza, nitamaliza suala la salio kisha nitawajibu. Sentensi mbili. Binti akasoma, akafungua kamusi kwa yale aliyoyatilia shaka, akapiga simu ghalani, kontena la futi 40 likapakiwa siku ile ile na likaondoka. Kumbe mteja alitaka kubadilisha rangi ya nusu ya mzigo. Vigae vipo baharini, rangi siyo, na salio hajalipa.

Nilikaa naye nikamwomba anieleze alivyoelewa. Akanieleza huku machozi yanamtoka. "Hold" kwake ni kushika, kushikilia, ndivyo alivyokariri. "Off" ni kuondoka. Basi akaona mteja anasema: shikilieni hapo hapo kwenye kupakia, mzigo uondoke. "Sort" ni kupanga vitu kwa aina zake, "balance" ni kilichobaki, kwa hiyo mteja atachambua mwenyewe bidhaa zilizobaki. "Get back" ni kurudi, yaani atarudi China. Jamani, hebu isomeni tena ile sentensi mkiwa na maana hizo kichwani. Inakaa sawa kabisa! Hakuna mahali alipolala wala kufanya uzembe.

Bosi akamkata mshahara. Mteja naye akatuma sauti kwenye kundi la WhatsApp la waagizaji, eti Wachina ni watu wa mashine tu, lugha haiwaingii. Watu wakaweka vicheko. Watu wazima, wengine nawaheshimu.

Sasa nisikilizeni. Binti huyu amefaulu CET-4 na CET-6, ile mitihani ya Kiingereza ya vyuo vikuu vya China inayofanyika kila Juni na Desemba. Huruhusiwi kukaa kwenye CET-6 mpaka upate angalau 425 kati ya 710 kwenye CET-4. Kabla ya hapo alipita gaokao, mtihani wa kuingia chuo, ambao kwa mikoa mingi Kiingereza peke yake kina alama 150 kati ya 750. Binti anajua "deteriorate". Anajua "reimburse". Anajua "postpone", kuahirisha, kuliko wengi wetu humu. Mteja angeandika "postpone loading", kontena lisingesogea hata hatua moja. Aliangushwa na "hold" na "off", maneno anayoyajua tangu darasa la tatu!

Hilo ndilo linaloniumiza. Maneno makubwa anayo, madogo amenyimwa.

Nimeishi na wanafunzi wa Kichina mabwenini kabla ya kazi hii, nimeona wanavyosoma. Wanaita bei danci, kukariri maneno. Hiyo bei inaandikwa kwa herufi ile ile ya mgongo, na kwa kweli ni mzigo wa mgongoni. Alfajiri saa kumi na mbili unawakuta nje ya maktaba, kwenye baridi, kitabu mkononi, wanatamka kwa sauti: neno la Kiingereza upande huu, neno la Kichina upande ule. Kwa gaokao ni maneno kama 3,500, ukifika CET yanazidi 4,000. Vitabu vingi vya orodha hizo vimepangwa kwa alfabeti na neno linalofungua ni "abandon". Muulize Mchina yeyote aliyesoma chuo, atakutajia hilo neno kabla hujamaliza swali. Siku hizi kuna na programu za simu: unamaliza maneno yako hamsini, unabonyeza daka, yaani nimeripoti kazini, unaweka WeChat marafiki waone. Siku 300 mfululizo. Bidii ile ukiiona utanyamaza.

Lakini angalieni kinachoandikwa mbele ya "abandon". Fangqi, yaani kuacha. Na mbele ya "give up"? Fangqi hiyo hiyo. Basi mtoto aliyekutana na "abandon" ukurasa wa kwanza atauliza "give up" ya nini wakati neno la kazi hiyo analo? Ndiyo maana atakuambia "my father abandoned smoking", na Mwingereza atamwelewa lakini atamtazama kwa jicho la pembeni. Orodha ilimfundisha kwamba neno moja ni sawa na neno moja. Haikumwambia nani analisema, wapi, kwa mtu gani.

Vile vitenzi vinavyoburuza kijineno nyuma, give up, put off, turn down, make up, vinatupwa mwisho wa kitabu kama takataka zilizofagiliwa pamoja. Vinapangwa kwa kitenzi: chini ya "make" vyote vya make, chini ya "take" vyote vya take. "Make up" peke yake ina kujipamba uso, kupatana baada ya ugomvi, kutunga uongo, kufidia kilichopungua na kufanya mtihani uliokosa. Mwalimu anasema nini? Hakuna kanuni, kariri. Nimemsikia kwa masikio yangu mwalimu wa kituo kimoja cha masomo ya jioni akiwaambia watu wazima waliolipa hela zao kwamba Kichina hakina kitu kama hicho, ndiyo maana nyinyi mtateseka nacho milele.

Ni uongo! Nilitaka nisimame.

Kichina kimejaa vitu hivyo. Mimi niliyejifunza Kichina ukubwani, vilinitoa jasho miaka miwili. Wana qilai, qi ni kuinuka na lai ni kuja. Zhan qilai, simama, "stand up" yenyewe. Lakini xiang qilai, kufikiri-inuka-njoo, ni kukumbuka. Ku qilai, kulia-inuka-njoo, ni kuangua kilio. Mtu anayetumia ku qilai tangu ana miaka mitatu, unamwambiaje kwamba hawezi kuelewa kijineno cha kuinuka kama "up" kinachobadilisha kitenzi?

Subirini, tamu ni xialai. Xia ni kushuka. Kuandika kitu kisipotee ni xie xialai, Kiingereza "write down". Kupunguza mwendo ni man xialai, "slow down". Kutulia hasira ni lengjing xialai, "calm down". Kutulia mahali, kupata makazi, ni anding xialai, "settle down". Minne mfululizo, kushuka kwa kushuka! Kuzima taa ni guan diao, "turn off". Kukwepa, kukaa mbali na kitu, ni duo kai, ambayo mimi nikiisikia naisikia "keep off". Na hata ile kero ya kutenganisha, kwamba husemi "pick up it" bali "pick it up", wanayo: na chu yi ben shu lai, kitabu kimekaa katikati ya chu na lai, sawa na "take a book out".

Sisemi vinalingana vyote. "Go on talking", kuendelea kuongea, kwao ni shuo xiaqu, yaani sema ukishuka kwenda, Kiingereza hakina kushuka pale. "Put up with", kuvumilia, sijapata pa kuiegemeza mpaka leo, hiyo ikaririwe tu. Lakini mlango ulikuwa wazi na watoto wamezungushwa ukuta mzima!

Juzi usiku nilimwandikia binti ile minne ya xialai kwenye karatasi ya risiti. Akaitazama muda mrefu. Halafu akaanza kunitajia mwenyewe: cut down? break down? Nikamwambia ndiyo, hapo chakula kinapungua, hapo gari linakufa, kote kuna kushuka. Tukahamia "off". Nikamwambia usiishike kama kuondoka, ishike kama kutenga kitu na kingine. Kata tawi litengane na mti, "cut off". Mshushe abiria atengane na gari, "drop off". Kiweke kitu mbali kisikufikie kwanza, "hold off". Akanyamaza. Akasema, "Jie, miaka kumi na tatu nimesoma Kiingereza, kwa nini hakuna aliyeniambia?"

Nilikosa jibu. Na jibu sikosi kwa kawaida.

Nilitafuta baadaye nione kama nimetunga jambo. Mwaka 2004 watafiti wawili, Liao na Fukuya, waliandika kuhusu Wachina kukwepa vitenzi hivi. Waliokuwa kiwango cha kati walikimbilia kitenzi cha neno moja, waliobobea hawakukwepa hivyo. Na maana za mafumbo ndizo zilizokwepwa zaidi. Kwa hiyo jambo linajulikana miaka zaidi ya ishirini, limeandikwa, limesomwa. Halafu darasani bado ni orodha. Mtihani wenyewe unasababisha: CET-4 kusikiliza 35%, kusoma 35%, kuandika na kutafsiri 30%, kuzungumza kupo kando kwa anayetaka. Nani atapoteza usiku wake kwa "get back to you"? Wachina wenyewe wana jina la matokeo yake, yaba yingyu, Kiingereza bubu. Wanajua!

Kuna na sauti. Silabi ya Kichina sanifu inaishia kwa irabu, au n, au ng, na ile r ya Beijing. Sisi Kiswahili chetu silabi inapenda irabu mwisho. Mtu wa Kariakoo anasema "geti apu", anamcheka Mchina anayesema "geta pu". Wote wawili wamekwama mahali pamoja! Mmarekani anapotamka "put it off" maneno matatu yanakuwa kamba moja, t inageuka karibu na r, wala hujui limeanzia wapi. Binti anasikiliza simu ya mteja, maneno yote matatu anayajua, hakusikia hata moja.

Na sisi Waswahili tuna nini cha kuringia hapa? Sisi kazi hiyo tunaifanya ndani ya kitenzi. Pakia, pakua. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Mzizi ule ule, mkia ukibadilika maana inageuka. Mchina anayejifunza Kiswahili akichanganya pakia na pakua bandarini atashusha kontena badala ya kulijaza. Mngependa tumkaririshe pakia ukurasa wa 40 na pakua ukurasa wa 200, halafu tumcheke?

Sasa nyinyi waagizaji. Nawajua mnapita humu. Mnaandika Kiingereza cha sinema kwa mtu ambaye Kiingereza si lugha yake wala yenu. "We'll figure it out." "Don't mess this up." "Follow up with the guys." Hela zenu, milioni za shilingi, mnazitundika kwenye kijineno cha herufi mbili au tatu ambacho hata nyie mlikipata kwenye tamthilia. Andika "do not load". Andika "wait for my payment". Taja tarehe. Hakuna atakayekuona mshamba, na kontena halitaondoka. Mimi nimeanza kuzirudisha barua za namna hiyo kwa mteja kabla hazijafika kwa binti, bosi amekasirika anasema nachelewesha kazi. Akasirike.

Na walimu, hasa nyie ndugu zetu mliopo huku mnaosaidia kufundisha: acheni kugawa orodha ya vitenzi mia kwa picha za simu. Panga kwa kijineno, leo "down" yote, wiki ijayo "off". Muulize mwanafunzi Kichina chake kinasemaje kabla hujamwambia hakuna kanuni. Kama Kichina hukijui, muulize tu, atakufundisha, dakika tano.

NYONGEZA: Nimesoma majibu ya kwanza. Anayesema binti angeuliza kama hakuelewa, soma tena nilichoandika juu. Alielewa. Alielewa kitu kingine. Mtu hawezi kuuliza swali ambalo hana.

Na yule mwenye vigae, nimeona umeshapita hapa ukaweka kidole chini. Barua yako ninayo. Binti amekatwa mshahara wa mwezi huu na atakatwa na ujao, anapanga chumba kimoja na wenzake watatu, na jana alikuja kazini na daftari jipya. Ukurasa wa kwanza ameandika "hold off", na mbele yake hakuna neno la Kichina. Amechora kontena na mtu amelizuia kwa mkono.

Mpigie simu. Namba ya ofisi unayo.