Tupeane uzoefu: betri ya sola unaishusha mpaka volti ngapi?

Wakuu salaam. Tulio nje ya gridi tuambizane ya nyumbani, ya muuzaji tumeshayasikia.

Naanza. Niko Sikonge, betri ya maji (ya risasi na tindikali) ya volti 12, ampea-saa 100. Kwa hesabu ni wati-saa 1,200, lakini mimi najihesabia 600 tu, maana betri hii ukiivusha nusu mara kwa mara haidumu. Alfajiri, kila kitu kikiwa kimezimwa, naweka mita. Ikisoma 12.1 najua imefika nusu, na jioni yake tivii haiwashwi. Watoto walinuna, wakazoea.

*

*Kinyozi, Mafia:*
Mkuu, nusu ni ya wenye taa na tivii. Mimi nina mashine, sabufa na simu za watu za kuchaji. Fundi aliniambia kontrola, kile kifaa cha kusimamia chaji ya sola, itakata yenyewe betri ikishuka. Ikakata kweli, taa peke yake! Inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa gridi, aliifunga moja kwa moja kwenye betri, nayo haizimi mpaka 10.5. Hapo betri imeshakwisha kabisa. Ile betri yangu ya gari, N100, haikumaliza mwaka. Ukichungulia kwenye vifuniko, sahani zimeota weupe.

*

*Fundi sola, Tunduru:*
Kinyozi, kufunga inveta kwenye betri ni sahihi. Kontrola ya ampea 20 haibebi inveta ya wati 1,000, ingeungua. Kilichokosekana ni kifaa cha kukata unachokiseti mwenyewe. Wateja wangu nawawekea 11.8 mzigo ukiwa umewaka, kwa sababu volti hushuka kazini na kupanda tena betri ikipumzika. Na N100 ni ya kupiga stata, sahani zake nyembamba.

Kingine, kushuka usiku mmoja hakuui betri kama kulala chini siku tatu za mawingu bila kujazwa. Masika ndiyo huzimaliza.

*

*Mdau, Lodwar:*
Mie nilihamia lithiamu ya fosfeti. Natumia asilimia 80 bila wasiwasi. Ila mita ya volti hapa ni bure: inakaa karibu na 13 muda mrefu, halafu inaporomoka ghafla. Nimefunga kihesabu ampea, zinazoingia na zinazotoka.

*

*Mgeni, Kigoma:*
Nafuatilia. Na betri kavu ya jeli je? Duka limeniambia inastahimili kutumiwa mpaka asilimia 80 ya chaji yake, bei yao imenitisha. Aliyekaa nayo miaka aje, nanunua mwisho wa mwezi.