Simu ya Marekani ina loki, kuitoa ni kosa kisheria au fundi ananitisha tu?

mlalahoi_tabata

Wakuu habari za jioni. Nimekwama na kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Shemeji yangu yuko Marekani, alitumia iPhone yake mwaka na kitu, alipochukua mpya akanitumia hii kwa mtu aliyekuwa anakuja Dar. Simu safi, kioo hakina mchubuko, betri bado iko vizuri. Kuweka laini yangu inagoma, inaandika laini haikubaliki, nikaweka ya wife ya mtandao mwingine hivyo hivyo. WiFi inashika. Kwa hiyo sasa hivi natembea na simu mbili mfukoni, hii kubwa inakula bando kwa hotspoti ya ile ya zamani, na ile ya zamani ikifika saa saba mchana imezima, basi zote mbili zinakuwa mapambo.

Nikashuka Kariakoo. Fundi wa kwanza akasema laki na ishirini, acha simu uje kesho. Wa pili akaniambia nisithubutu, kutoa loki ni kosa la jinai, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wataizima na mimi naweza kulala ndani. Wa tatu akataka kuniwekea chipu ya elfu thelathini niondoke nayo muda ule ule.

Sasa ni kosa au sio kosa, huku kwetu na huko Marekani? Halafu simu nimepewa, ni yangu, kwa nini kampuni ya huko iwe bado na amri juu yake mimi nikiwa Tabata? Hili la pili linaniuma kuliko hela.

fundi_wa_aggrey

Mkuu fundi wa pili kachanganya mafaili. Watu wanaita "loki" vitu vitatu tofauti na ndio maana mnatishana bure.

Kuna loki ya mtandao, ndiyo yako. Kampuni iliyouza simu imeifunga ikubali laini zao tu. Kwa iPhone hii haikai ndani ya simu peke yake, iko kwenye kumbukumbu za Apple, kampuni ikituma ruhusa Apple wanaifungulia huko huko mbali, wewe unaweka laini mpya inashika bila mtu kufungua hata skrubu. Kuna loki ya iCloud, ile inayodai akaunti na paswedi ya mwenye simu wa kwanza. Hiyo mimi sipokei hata uje unalia, kwa sababu nyingi zinazoletwa hapa zikiwa hivyo zimechomolewa kwenye mifuko ya watu. Halafu kuna simu ambayo IMEI yake, ile namba ya utambulisho ya kila simu, imezuiwa maana imeripotiwa kuibiwa, au mtu kakimbia deni.

Kosa ni KUBADILI IMEI. Hiyo ni jinai, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 imekataza, na sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoleta rejesta ya IMEI. Fundi akikwambia nakubadilishia IMEI ishike vizuri, chukua simu yako uondoke, ukikamatwa nayo wewe ndio uliyeishika.

Chipu usiweke. Ni kipande chembamba kama ganda la kitunguu kinakaa chini ya laini, kinaidanganya simu iamini imewekewa laini ya Marekani. Leo inashika, siku ukiapdeti inakufa, mara ujumbe haufiki, mara mtandao unapotea ukiwa kwenye daladala katikati ya maongezi, halafu unarudi kwangu kunigombeza mimi niliyekukataza. Na shukuru yako ina tundu la laini, kuanzia iPhone 14 zile za soko la Marekani hazina tundu kabisa, ni eSIM tu, yaani laini ya ndani ya simu isiyochomekwa.

Kabla hujampa mtu hata mia nenda Settings, General, About, shuka hadi Carrier Lock usome palivyoandikwa. Halafu piga *#06# uandike IMEI pembeni.

mbeba_box_minnesota

Niko huku Marekani mwaka wa tisa sasa nimeshatuma simu nyumbani nyingi tu kwa hiyo hili nalijua kwa kuumia. Ngoja niseme upande wa sheria ya huku maana ina historia ya kuchekesha.

iPhone ya kwanza ilitoka 2007 ikiwa ya kampuni ya simu AT&T peke yao, na haikuchukua miezi mitatu kijana wa miaka 17 wa New Jersey, George Hotz, akaifungua kwa chuma cha kulehemu na programu yake mwenyewe, ile simu akaibadilisha kwa gari aina ya Nissan 350Z na iPhone nyingine tatu juu. Wakati ule hakuna aliyekuwa na uhakika kama ni kosa au sio kosa, kwa sababu kuna sheria ya hakimiliki ya 1998 inaitwa DMCA, ambayo ilitungwa watu wasivunje kufuli za muziki na filamu, sasa kampuni za simu zikaishikilia zikasema programu ya ndani ya simu nayo ni kazi yenye hakimiliki, ukivunja loki umevunja sheria. Na mwenye mamlaka ya kutoa msamaha kila baada ya miaka mitatu ni nani? Mkutubi wa Bunge! Sio hakimu, sio mamlaka ya mawasiliano, mkuu wa maktaba ndiye anaamua kama unaweza kuweka laini nyingine kwenye simu uliyoinunua kwa jasho lako.

Alikuwa anatoa msamaha vizuri tu, Oktoba 2012 akaubana, kwamba simu yoyote itakayonunuliwa baada ya tarehe 26 Januari 2013 usiifungue bila ruhusa ya kampuni. Watu wakachachamaa, wakapeleka maombi Ikulu, saini zaidi ya 114,000, mpaka Bunge likapitisha sheria na Obama akaisaini tarehe 1 Agosti 2014. Kwa hiyo huku kutoa loki ili uhamie mtandao mwingine sio kosa, ukiwa mwenye simu, au umemtuma mtu akufanyie.

Lakini sikia penye ujanja. Sheria ile inakuruhusu WEWE kufungua, haimlazimishi aliyefunga akupe ufunguo. Kampuni ziliweka utaratibu wao, simu iwe imelipwa yote, iwe imetumika mtandaoni kwao siku kadhaa, isiwe imeripotiwa kupotea. 2024 mamlaka ya mawasiliano ya huku, FCC, ilipendekeza kampuni zote zifungue baada ya siku 60 na baadhi yao zikapiga kelele kweli kweli.

Kwa hiyo mtafute shemeji aombe yeye, ni fomu ya mtandaoni, ni BURE. Wewe ukiomba wanaweza wasikujibu maana akaunti sio yako. Na sana sana hiyo laki na ishirini ya fundi ni kumlipa mtu fulani aombe kwa njia za pembeni, hakuna uchawi wowote pale mezani.

Kichwa_Ngumu

Mnailaumu sana loki ila bila hiyo loki nani angemkopesha mtu simu ya milioni mbili aondoke nayo siku hiyo hiyo kwa malipo kidogo kidogo? Hata huku kwetu simu za mkopo zimejaa, umechelewa kulipa kioo kinaandika lipa kwanza, huwezi hata kufungua kamera. Na watu wanazipanga foleni. Mkopo una masharti wakuu, hamtaki masharti nunueni kwa keshi.

fundi_wa_aggrey

@Kichwa_Ngumu sikatai, ila mteja wangu mmoja alimaliza mkopo na simu ikaendelea kumdai. Anaonyesha meseji za malipo yote, ofisi inamwambia mfumo haujasoma. Wiki nzima mtu ana simu aliyoilipa na haifunguki. Kufunga kunachukua sekunde, kufungua mpaka upige magoti, tatizo liko hapo.

sheria_mwaka_wa_tatu

Fundi kasema kweli na hapo ndipo wenzetu wengine walipofanya kazi. Kanada waliamua kwamba kuanzia tarehe 1 Desemba 2017 simu mpya zinauzwa zikiwa wazi, na za zamani kampuni inakufungulia bure ukiomba. Uingereza nao mamlaka yao ya mawasiliano, Ofcom, ikapiga marufuku kuuza simu zenye loki kuanzia Desemba 2021. Na mikopo ya simu haikufa huko @Kichwa_Ngumu, watu wanaendelea kulipa kila mwezi kama kawaida, usipolipa unadaiwa kama deni lingine lolote. Kwa hiyo hoja ya bila loki hakuna mkopo mimi siinunui.

Huku kwetu mjadala wa simu umekuwa wa usajili na feki tu. Mnakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2016 TCRA walivyozima simu feki, kabla yake kila mtu anatuma IMEI kwenda 15090 kuangalia kama ni orijino. Halafu ikaja kusajili laini kwa alama za vidole, mwisho tarehe 20 Januari 2020, tukalala kwenye foleni za vitambulisho vya NIDA. Yote ni wajibu wa mtumiaji. Wajibu wa muuzaji je? Unauziwa iPhone used dukani imefungwa plastiki inang'aa, hakuna anayekwambia ni ya chipu mpaka ufike nyumbani.

Hilo sio suala la TCRA, ni la mlaji, unalipeleka Tume ya Ushindani chini ya sheria ya 2003. Nayo inaitwa FCC kama ile ya Marekani, msichanganye mkapeleka malalamiko Washington. Mlalahoi wewe kwa kuwa umepewa bure hauna wa kumshitaki, ila anayenunua adai risiti iandikwe IMEI na iandikwe haina loki. Muuzaji akikataa kuandika ujue tayari kashakujibu.

pwani_si_kenya

Nawasoma kutoka Mombasa. Nyinyi mwalia na kampuni, sisi hapa serikali nayo ilitaka kushika kufuli. Simu feki zilizimwa mwisho wa Septemba 2012, sawa, hilo tulilimeza. Kisha 2024 ikaja amri kwamba simu zikiingia nchini IMEI ziandikishwe kwa watu wa ushuru, kama haikulipiwa haiunganishwi mtandaoni. Yaani dadangu akiniletea simu kutoka Dubai kwenye mkoba nianze kueleza! Watu walienda kortini, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikaifutilia mbali. Mimi silipendi hilo neno usalama likitajwa pamoja na ushuru kwenye sentensi moja, hapo huwa najua ni ushuru.

mlalahoi_tabata

Asanteni sana wakuu, nimeelimika. Nimempigia shemeji usiku huu akaingia kwenye hiyo fomu tukiwa wote hewani. Imekataa. Inasema kifaa kina salio la malipo. Kumbe alivyochukua mpya hii haikuwa imeisha, imebaki miezi minne na yeye alifikiri imefutwa siku ile dukani. Sasa dada ananuna, shemeji kanyamaza, na mimi sijui kama simu ni yangu au ya shemeji au ya kampuni.

mbeba_box_minnesota

Ya kampuni hahaha. Hiyo ya kufikiri imefutwa inawapata wengi huku, wanakupa ofa tamu dukani hausomi karatasi. Mwambie asiruke hata mwezi mmoja, ikishaandikwa ina deni lililokimbiwa IMEI inazuiwa na hiyo fomu haitakubali tena.

fundi_wa_aggrey

Na hiyo laki na ishirini usimpe fundi, mtumie shemeji apunguze deni. Miezi minne vumilia na hotspoti, ila nunua pawabenki ya ile simu ndogo.