Kozi za lazima za mwaka wa kwanza wa uhandisi zina kazi gani?

Mkazi wa Isevya, Tabora

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Binti yangu amemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCM (fizikia, kemia na hisabati) na amepata nafasi ya kusomea uhandisi mitambo kwa miaka minne. Jana usiku tuliketi na orodha ya kozi za mwaka wa kwanza, nami nikashangaa kuona kwamba mashine zenyewe karibu hazimo: kuna hisabati mihula yote miwili, mekanika, uchoraji wa kihandisi, sayansi ya vifaa, kompyuta, stadi za mawasiliano na taaluma za maendeleo. Mimi nilijifunzia ufundi katika karakana ya reli, ambako juma la kwanza nilikabidhiwa tupa na kipande cha chuma, nikaambiwa nikifanye mraba. Naomba kueleweshwa kozi hizo zinamsaidiaje mhandisi, na kama aliyefaulu vizuri hisabati ya kidato cha sita hawezi kusamehewa ya chuoni.

Mhandisi wa Mwanga, Kigoma

Shikamoo mzee wangu. Kusamehewa asitarajie, kwa sababu matokeo ya kidato cha sita humfikisha mlangoni tu, na hisabati atakayoikuta ndani si ileile. Shuleni alipewa mlinganyo akatafuta jibu. Chuoni ataonyeshwa bomba, tangi na mlima, kisha atatakiwa autunge mlinganyo mwenyewe. Huku kwetu maji hupandishwa kutoka ziwani hadi matangi ya juu, na mtu asiyepiga hesabu anaweza kudhani kwamba bomba la nusu ya kipenyo litahitaji nguvu mara mbili. Ukweli ni kwamba, mtiririko ukibaki uleule, nguvu inayopotea kwa msuguano huongezeka takriban mara 32, na hilo ni heri ulijue kabla hujanunua bomba kuliko baada ya kulifukia.

Kuhusu sayansi ya vifaa, ambayo ndani yake kuna kemia ya kutu, mfano ninao hapa bandarini. Wajerumani walipoizamisha meli ambayo leo tunaiita Liemba mwaka 1916, waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na ikarudi kazini mwaka 1927, mitambo ikiwa bado inafaa. Aliyeamuru grisi ile alijua kwamba chuma hakiliwi na maji peke yake, bali na maji pamoja na oksijeni.

Mwalimu wa Cheyo, Tabora

Naunga mkono, ila niongeze kwamba jambo hili si la vyuo vyetu peke yake. Pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza, hata anayesomea uchumi, hulazimika kusoma kalkulasi kozi mbili, fizikia mbili, kemia moja na biolojia moja, tena pamoja na kozi nane za fasihi, sanaa na sayansi za jamii, bila kusahau sharti la kuogelea. Kwa hiyo binti akikuta taaluma za maendeleo katika orodha yake, asidhani kwamba ameonewa.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Shikamooni wakubwa. Nawaheshimu, lakini tusimpambie mzee. Taaluma za maendeleo nilizisomea katika ukumbi uliojaa hadi ngazini, na nilichokikumbuka baada ya mtihani ni kidogo mno; kozi ni nzuri, namna tulivyofundishwa ndiyo iliyokuwa mbovu. Stadi za mawasiliano, kinyume chake, nilizidharau na nikajuta nilipokuwa mafunzoni kwa vitendo, kwa maana taarifa yangu ya kurasa tatu kuhusu pampu ilirudishwa mara mbili, na msimamizi alikuwa amezungushia kalamu nyekundu kila mahali nilipoandika kipimo bila kutaja uniti.

Onyo langu kubwa ni kuhusu hisabati na mekanika. Akifeli atarudia mtihani, na akifeli tena ataibeba kozi hiyo mwaka unaofuata, ambako themodinamiki (elimu ya joto na nishati) na mekanika ya vimiminika zitakuwa zinamtaka awe ameshaielewa. Mwenzangu mmoja alibeba kozi moja tu, ratiba yake ikagongana, akawa anachagua kipindi cha kuhudhuria kila Jumanne asubuhi. Uchoraji nao asiuone mwepesi: afike na penseli ngumu na laini, na azoee kukiona kifaa kimoja kutoka mbele, juu na ubavuni kabla hajagusa kompyuta.

Mkazi wa Isevya, Tabora

Marahaba wanangu, na ahsanteni nyote. Uchoraji nitamwanzishia mwenyewe kesho kwa kutumia nati na bolti, kwani kusoma michoro ndiko kulikonilisha miaka yote. Hilo la kuogelea nashukuru limebaki Marekani, maana hapa tungelifanyia bwawa la Igombe, na yale ni maji yetu ya kunywa.