Krismasi Rombo, mwaka mpya Nyeri: tupite njia gani?

MamaWaWawili: Shikamooni wakubwa. Mimi ni Mchaga wa Rombo, Tanzania, nimeolewa Nyeri, Kenya. Tarehe 25 nataka tuwe kwa mama. Ana miaka 71 na mjukuu wa mwisho, miezi 8, bado hajampakata. Kutoka Nairobi tupite mpaka wa Namanga au wa Taveta? Halafu mama mkwe anapenda sana mtori wangu, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Ndizi za nyumbani nizibebeje zifike Nyeri salama?

Dereva_Emali: Dada, mbona mnazunguka? Shikeni Emali, Kimana, Loitokitok, mpaka Illasit. Mkivuka tu mko Tarakea, Rombo hiyohiyo. Ondokeni alfajiri, na hati za watoto ziwe mkononi.

BibiMkuu: Marahaba mwanangu. Beba ndizi mbichi kabisa, usizimenye, zifunge kwa majani makavu ya mgomba. Waulize kwanza wakaguzi wa mimea mpakani. Mtori uponde ungali moto, nyama ya mfupa ichemke hadi iachie.

MamaWaWawili: Asante bibi, asante kaka. Tarakea basi! Nimempigia mama, ameshaanza kuloweka ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Mume wangu naye ameahidi kumpikia mukimo, chakula cha kwao cha viazi vilivyopondwa.